Kobalti ya Kasese: Rangi Ipo, Lakini Si Kwenye Jiwe la Waridi

Mjadala wa kuongeza thamani ya madini ya Uganda ukifika Kasese, kila mtu hurukia betri za magari ya umeme, ambazo nyingi hutumia kobalti. Sheria ya Madini ya 2022 imebana usafirishaji wa madini ghafi, na wanasiasa wanaahidi viwanda vikubwa. Wakati huohuo, wasanii na wafinyanzi wanaopenda rangi za asili wamegundua kwamba kobalti ina jiwe lake la kupendeza, jekundu la waridi, liitwalo erithriti. Wengine wanauliza kama halifai kusagwa likawa rangi, kama tunavyosaga udongo mwekundu.

Nayapinga yote mawili. Kusafisha kobalti hadi kiwango cha betri kunataka mtaji, umeme na soko ambalo tayari limeshikwa na wengine. Nalo jiwe la waridi ni rangi dhaifu na sumu kali. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ambayo karakana ya Kampala, Jinja au Kasese yenyewe inaiweza: kutengeneza rangi za kobalti za unga kwa ajili ya picha na glezi, lile tabaka la kioo linalopakwa juu ya vyombo vya udongo, kwa kuanzia na salfeti ya kobalti, chumvi yake inayoyeyuka kwenye maji. Kemia ya mawe ya Kilembe, mgodi ulio karibu na Kasese, inaelekea huko yenyewe.

Tuanze na jiwe. Erithriti ni aseneti ya kobalti, yaani chumvi ya kobalti yenye aseniki, iliyobeba maji ndani ya fuwele zake. Mwanamadini Mfaransa François Sulpice Beudant ndiye aliyelipa jina hilo mwaka 1832. Halitoki kwenye kina kirefu cha mwamba. Mawe mengine yenye kobalti na aseniki, kama kobaltaiti na skuterudaiti, yakifikiwa na hewa na maji ya mvua huoza taratibu, na juu yake hujitokeza utando wa waridi, mara chache fuwele ndefu nyembamba za rangi ya zambarau iliyoiva. Zile nzuri kuliko zote hutoka Bou Azzer, Morocco. Wachimbaji wa Schneeberg huko Saxony, Ujerumani, na wale wa mji wa Cobalt, Ontario, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1903, waliutumia utando huo kama dalili: ukiuona juu, chini kuna kobalti, na mara nyingi fedha pia. Kazi ya jiwe hili ilikuwa kuonyesha njia, na hata leo hiyo ndiyo kazi yake bora.

Kwa nini ni rangi dhaifu? Likwaruze kwenye kigae kisicho na glezi. Jiwe lililokuwa jekundu la damu linaacha mstari wa waridi uliopauka. Fuwele kubwa inaonekana imekolea kwa sababu mwanga unasafiri mbali ndani yake. Ukiisaga, safari inakuwa fupi na rangi inapotea. Isitoshe, kiwango chake cha kupinda mwanga ni kati ya 1.63 na 1.70, na mafuta ya kitani yana karibu 1.48. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo unga ukichanganywa na mafuta huwa kama umande, hauzibi kilicho chini. Nyeupe ya titani, kwa kulinganisha, iko karibu 2.7. Msanii atapaka tabaka tatu na bado ataiona turubai.

Sumu ndiyo hoja nzito zaidi. Katika gramu 100 za erithriti safi kuna takriban gramu 29.5 za kobalti, gramu 24 za maji na gramu 25 za aseniki. Robo nzima ya uzito wake ni aseniki, na miligramu mia chache za aseniki zinaweza kumuua mtu mzima. Wapo wanaojitetea kwamba jiwe haliyeyuki kwenye maji. Ni kweli haliyeyuki kwa urahisi kwenye maji, lakini linayeyuka kwenye asidi, na tumbo la binadamu ni asidi. Ugumu wake ni 1.5 hadi 2.5, yaani ukucha unaweza kulikwaruza. Maana yake linatimua vumbi kwa kuguswa tu. Kulichoma pamoja na mkaa ni hatari zaidi, kwa sababu aseniki hupanda na moshi wenye harufu ya kitunguu saumu. Asilisage mtu yeyote kwenye kinu chochote, sembuse kinu cha posho, na lisiingie katika darasa la watoto.

Ni kweli kwamba aseneti ya kobalti imewahi kuwa rangi ya wachoraji. Zambarau hafifu ya kobalti iliyouzwa Ulaya katika karne ya 19 na ya 20 ilikuwa aseneti iliyotengenezwa kiwandani. Lakini mwaka 1859 Salvétat, mkemia Mfaransa, alionyesha zambarau ya fosfeti ya kobalti, isiyo na aseniki, na leo hiyo ndiyo inayouzwa kwa alama PV14. Hata Louis Jacques Thénard, alipotengeneza bluu ya kobalti mwaka 1802 kwa kuchoma chumvi za kobalti pamoja na alumina (oksidi ya alumini), alitumia aseneti na pia fosfeti, na bluu ikatoka kwa njia zote mbili. Aseniki haikuwa na mchango wowote katika ile bluu. Wazungu wa wakati ule waliibeba kwa sababu mawe yao yalikuja nayo. Saxony walilazimika kupitisha moshi wa matanuri katika mifereji mirefu ili unga mweupe wa aseniki ugande kwenye kuta, kisha watu wakaingia kuukwangua.

Sisi hatuna sababu ya kuurithi mzigo huo. Kobalti ya Kilembe haikukaa ndani ya mawe ya aseniki. Imo hasa ndani ya pairiti, lile jiwe la manjano la chuma na salfa linalong'aa kama dhahabu ya uongo. Mgodi ulichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Reli ilifika Kasese mwaka huohuo wa 1956, shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, na pairiti ikamwagwa Kasese. Lundo lilifika takriban tani milioni moja, lenye kobalti karibu asilimia 1.4. Mvua ikilinyeshea, salfa ikageuka asidi ya salfa, na maji yaliyotiririka kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth yakaacha ukanda wa ardhi usioota kitu.

Kuanzia mwaka 1999 lundo hilo lilianza kutibiwa kwa bakteria wanaokula chuma na salfa. Walitiwa kwenye matangi makubwa yenye hewa na joto la kadiri ya nyuzi 40, wakaivunja pairiti, kobalti ikaingia kwenye maji. Chuma kikaondolewa kwa chokaa, kimiminika kikasafishwa, na mwishoni umeme ukagandisha metali ya kobalti kwenye mabamba, ikasafirishwa nje. Hatua moja kabla ya umeme ndiyo ya kutazamwa: hapo kobalti ilikuwa ndani ya tangi kama salfeti, kimiminika chekundu cha waridi. Hicho ndicho mtengeneza rangi anachokihitaji. Nchi ililipa umeme kukigeuza metali, kisha mwenye kiwanda cha rangi ng'ambo akanunua ile metali na kuiyeyusha tena kwa asidi. Lundo lile limekwisha kusindikwa, ila mwamba uliobaki mgodini na makapi yaliyotapakaa kando ya mto Nyamwamba bado yana kobalti, na mazungumzo ya kuufufua mgodi hayajawahi kukoma.

Neno kuhusu mawe ya waridi yanayovuka mpaka kutoka Kongo. Mengi yanayotoka Katanga si erithriti, ni kalsaiti au dolomaiti iliyoingiwa na kobalti. Dondoshea siki kwenye unga kidogo: kalsaiti itachemka mapovu papo hapo, dolomaiti itachemka polepole ikiwa imesagwa na siki ni ya moto, erithriti haitoi povu kabisa. Kalsaiti ina ugumu wa 3, ukucha hauikwaruzi. Yale ya kalsaiti hayana hatari ya aseniki kama erithriti, lakini kobalti yake ni kidogo mno kwa rangi. Yafaa vito na makabati ya maonyesho.

Sasa kazi yenyewe. Zambarau ya fosfeti ndiyo rahisi kuliko zote, na inaonyesha vizuri mahali watu wanapokosea. Yeyusha gramu 100 za salfeti ya kobalti, ile yenye molekuli 7 za maji, katika lita moja ya maji ya betri yasiyo na asidi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Maji ya bomba yana chumvi zake na yataharibu hesabu. Katika lita nyingine yeyusha gramu 90 za fosfeti ya trisodiamu, yenye molekuli 12 za maji. Mimina fosfeti ndani ya kobalti, kidogo kidogo kwa nusu saa, huku unakoroga bila kusimama. Usigeuze mpangilio. Fosfeti hii ina alkali kali. Ukimimina kobalti ndani yake, matone ya kwanza yatageuka haidroksidi ya bluu badala ya fosfeti, na haidroksidi hiyo ikipata hewa inakuwa kahawia. Rangi yote itachafuka na hakuna kuiokoa kwa kuchoma. Tumia karatasi za kupima asidi, na usimame zikionyesha 7 au juu kidogo, hata kama fosfeti imebaki kikombeni.

Mashapo ya waridi yatatua chini. Mwaga maji ya juu kwenye ndoo ya taka, ongeza maji safi, koroga, acha yatue tena, na urudie mara tano au sita. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu kazi. Salfeti ya sodiamu iliyobaki huonekana baadaye kama ukungu mweupe juu ya picha, au malengelenge kwenye glezi. Kuhakikisha ni rahisi: weka tone la maji ya mwisho ya kuoshea kwenye kipande cha kioo, liache likauke. Likiacha duara jeupe, endelea kuosha. Lisipoacha kitu, chuja, kausha chini ya nyuzi 100, kisha choma kwenye nyuzi 800 kwa saa moja. Maji yaliyomo ndani ya fuwele yanatoka na waridi inakuwa zambarau. Kwa hesabu, gramu 100 za salfeti hutoa gramu 43 za rangi. Ukipata 40 umefanya kazi safi. Usiisage mpaka iwe laini kama poda ya mtoto, kwa kuwa zambarau hii hupauka kadiri chembe zinavyopungua.

Fosfeti yenyewe ipo nchini, vilima vya Sukulu karibu na Tororo vimejaa mwamba wa fosfeti. Lakini mwamba si kemikali. Lazima kwanza uvunjwe kwa asidi ya salfa, usafishwe, ndipo uoanishwe na sodiamu. Kwa sasa mwenye karakana anunue fosfeti iliyo tayari.

Bluu ya kobalti inataka moto zaidi. Changanya gramu 80 za oksidi nyeusi ya kobalti na gramu 156 za alumina haidreti, saga pamoja kwenye maji mpaka usione doa jeusi wala jeupe, kausha, weka kwenye chungu chenye kifuniko kinachostahimili moto, na uchome hadi nyuzi 1,200 ukishikilia joto hilo saa mbili. Inatoka takriban gramu 177 za aluminati ya kobalti, PB28 kwa alama za biashara. Ukivunja kipande na kukuta kijivu au weusi katikati, kobalti haikukutana na alumina yote: saga upya, choma upya. Tanuri la kuni la kuchomea matofali halifiki huko kwa uhakika, na moshi wake unachafua. Linahitajika tanuri la gesi au la umeme, na koni za kupimia joto, namba 5 na namba 6, ziwekwe ndani karibu na chungu. Kuna wanaotaka kubadilisha alumina kwa kaolini ya Mutaka, udongo mweupe, kwa sababu ni ya kwetu. Bluu itatoka, lakini silika iliyomo kwenye kaolini itaifanya iwe nzito na ya kijivujivu. Kaolini hiyo ina heshima yake kwenye udongo wa kufinyangia na kwenye glezi, tuiache huko.

Mfinyanzi, kwa upande wake, hahitaji hata kutengeneza aluminati. Glezi inayong'aa inahitaji asilimia 0.25 hadi 1 tu ya oksidi ya kobalti ili iwe bluu. Chukua nusu asilimia: gramu 5 katika kilo moja ya glezi kavu. Ukitumia kaboneti badala ya oksidi, weka gramu 7.4, maana oksidi ina kobalti asilimia 73 na kaboneti chini kidogo ya 50. Kaboneti ni laini na husambaa vizuri. Oksidi isiposagwa na glezi kwa saa kadhaa huacha vidoa vya bluu iliyokolea kila mahali. Ukipita asilimia 2, rangi inaelekea weusi na pesa inapotea bure. Glezi yenye magnesia nyingi huivuta kobalti kwenye zambarau, yenye zinki huing'arisha, na chuma hata kidogo huifubaza, jambo la kuangaliwa sana na wanaotumia udongo wetu mwekundu bila kuupaka tabaka jeupe kwanza.

Hesabu ya biashara imo humo. Kikombe kikitumia gramu 40 za glezi kavu, ndani yake kuna gramu 0.2 za oksidi. Kilo moja inatosha vikombe 5,000. Bei ya kobalti inayumba vibaya: mwaka 2018 tani moja ilivuka dola 90,000, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya dola 25,000, kabla ya Kongo kusimamisha usafirishaji Februari mwaka huo. Kiwanda cha betri hutetemeka kwa mabadiliko hayo. Mwenye vikombe hayahisi, kwa sababu kobalti ni senti katika gharama yake. Udongo, gesi na mikono ya watu ndiyo bei.

Wanaotilia shaka huwa wanataja Modum, Norway, na wana haki. Huko katika miaka ya 1770 kilianzishwa kiwanda cha kifalme cha rangi ya bluu juu ya mgodi wa kobalti, kikatengeneza kioo cha bluu kilichosagwa, smalti, kikauza dunia nzima. Kisha mwaka 1828 Mfaransa Guimet alifanikiwa kutengeneza ultramarini ya kiwandani, bluu ya bei nafuu mno, na soko la smalti likaporomoka. Kiwanda kikafungwa mwaka 1898. Lakini tuangalie kilichokufa na kilichobaki. Ultramarini iliishinda kobalti kwenye karatasi, nguo na kuta. Haikuishinda kwenye tanuri, kwa kuwa joto la glezi huiua kabisa. Miaka karibu 200 baadaye, bluu iliyokolea inayostahimili moto wa glezi bado ni ya kobalti hasa. Kwa hiyo anayepanga kuuza rangi ya kobalti kwa wapaka nyumba wa Ntinda, mtaa wa Kampala, anajipeleka kule kule Modum ilikoanguka. Anayelenga vigae, sahani, vikombe na vioo ana soko ambalo ultramarini haiwezi kulivamia, na juu yake soko dogo la wachoraji wa mafuta watakaolipa vizuri kwa zambarau.

Hatari za salfeti zipo, ingawa si za aseniki. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka chumvi za kobalti zinazoyeyuka katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Vumbi ndilo adui: pima na changanya ukiwa umevaa barakoa ya N95, si kitambaa, na fagia kwa tambara lenye maji. Ile ndoo ya maji ya kuoshea isimwagwe mtaroni. Itie magadi mpaka karatasi ionyeshe 9, acha ilale usiku kucha, na kobalti iliyobaki itatua kama kaboneti ambayo unairudisha kwenye kundi linalofuata. Magadi ya Katwe ya ziwani, yaliyochanganyika na chumvi nyingine, hayafai kutengenezea rangi, ila kwa usafi huu wa taka yanatosha. Sahani zitakazouzwa zijazwe siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kama inavyofanywa kupima risasi na kadimiamu, kisha siki hiyo ipelekwe maabara ipimwe na kobalti pia.

Atakayeshika Kilembe baada ya hapa aandikiwe sharti hili kwenye leseni: bomba moja kabla ya hatua ya umeme, chombo cha kugandishia fuwele, na salfeti iuzwe nchini kwa mifuko ya kilo 1 na kilo 5. Juu ya mfuko kiandikwe kiasi cha nikeli, shaba, chuma na manganizi kilichobaki, kwa sababu mwamba wa Kilembe unakuja na shaba na nikeli. Shaba itaivuta bluu kwenye kijani cha bahari, na nikeli itaitia ukijivu, na mfinyanzi asiyejua kilichomo ataulaumu moto wake bure.